Wasio na Pa Kulala: Tuwahesabu kwa Majina

Ndugu wasomaji, liko neno moja tulipendalo sana sisi watu wa visiwa hivi, nalo ni kusema kwamba kwetu hakuna mtu asiye na pa kulala. Twalisema mbele ya wageni, twalisema barazani, na wako walisemao hata katika mikutano yetu. Husema kwamba Ulaya ndiko watu walalako njiani, ama huku kila mtu ana mjomba, ana shangazi, ana msikiti jirani. Neno hili latupendeza kwa kuwa latusifu. Nasi tuandikao makala haya tulilisema miaka mingi, mpaka duka letu wenyewe lilipotukadhibisha.

Khabari yenyewe ni hii. Sisi hufungua duka baada ya sala ya Alfajiri. Tukaanza kuona maboksi yetu matupu yamekunjwa vizuri na kurejeshwa pembeni mwa baraza, na baraza imefagiwa kabla hatujafika. Hazikupita siku nyingi, mzee mmoja ambaye umri wake umepita miaka 70 akatuomba tumwekee furushi lake hadi magharibi. Hatukumuuliza kitu. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Kisha akaja mama mmoja mwenye watoto wawili. Yeye hakuweka furushi, bali sare za skuli za watoto wake. Kila asubuhi watoto wale huja, hubadilisha nguo nyuma ya magunia ya mchele, wakenda skuli kama watoto wa watu wengine. Usiku hulala leo kwa dada wa mama yao, kesho kwa aliyekuwa jirani, na keshokutwa popote patakapofunguliwa mlango. Wakiulizwa wanakaa wapi, huutaja mtaa waliokuwa wakikaa kabla mama yao hajaachwa.

Siku moja tulitazama stoo, tukahesabu mafurushi matano na sare mbili. Hilo ni duka moja katika uchochoro mmoja. Basi ndipo tulipojiuliza, je, mji mzima una mafurushi mangapi, na ni nani ayahesabuye?

Watu watasema kuwa sensa ilifanywa. Ni kweli, na si haki kuikataa kazi ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 makarani walitoka wakawaandika wasafiri, waliolala hotelini na waliolala nje. Walakini tuifahamu sensa ilivyouliza. Iliuliza ni nani aliyelala katika nyumba hii usiku wa leo. Yule mama na wanawe usiku ule walilala kwa mtu, basi waliandikwa katika kaya ya mtu huyo, wakawa ni watu watatu wenye paa, na hesabu ikafungwa. Karani hakukosea, wala mwenye nyumba hakusema uwongo. Ila swali halikuwa lile litakiwalo kwa mas-ala haya. Kuulizwa ulilala wapi jana ni jambo moja, na kuulizwa kama una haki ya kulala hapo kesho ni jambo jingine kabisa.

Wataalamu wa Ulaya walioichungua dhiki hii tangu mwaka 2005 wameigawa katika daraja nne. Ya kwanza ni yule asiye na paa, alalaye nje. Ya pili ni yule aliye na paa lisilo nyumba, kama alalaye katika makazi ya muda. Ya tatu ni yule aliye ndani ya nyumba bila ya salama, awezaye kuambiwa aondoke wakati wowote, au akaaye kwa hofu ya kupigwa. Ya nne ni yule akaaye mahali pasipomfaa binadamu, penye kuvuja au kusongamana mno. Tukiuchukua mzani huu, mara tunaona kwamba sisi tumekuwa tukiitazama daraja ya kwanza tu, na kwa kuwa waliomo ni wachache, tukajipa hongera.

Tutazame mfano wa wenzetu. Uingereza, katika usiku mmoja wa majira ya vuli mwaka 2024, walihesabiwa watu 4,667 waliolala nje. Mtu akisoma tarakimu hiyo peke yake atasema ni kidogo kwa nchi kubwa. Lakini mwisho wa mwaka huo huo ziliandikwa kaya zaidi ya 120,000 zilizowekwa katika makazi ya muda kwa kuwa hazina nyumba. Basi anayehesabu vibaraza huuona ukingo wa maji, na bahari yenyewe iko nyuma yake.

Finland wamefanya vingine. Wao huhesabu kila mwaka mwezi wa Novemba, na humwandika hata yule anayehifadhiwa kwa muda na jamaa au rafiki. Mwaka 1987 walikuwa kiasi cha watu 18,000, na kufikia 2023 walibaki 3,429. Katikati yake, tangu 2008, walishika siasa ya kumpa mtu nyumba kwanza, kisha ndipo washughulikie ulevi wake, maradhi yake au madeni yake, badala ya kumwambia atengenee kwanza ndipo astahili nyumba. Mabweni ya kulala usiku waliyageuza kuwa nyumba za kupanga zenye mkataba. Mwaka 2024 idadi ilipanda tena ikawa 3,806, nao wakaitangaza bila ya kuficha. Hilo ndilo tulipendalo zaidi. Mwenye duka asiyefanya hesabu ila mwezi wa faida hajui duka lake.

Sasa turudi kwetu. Kwa nini dhiki hii imekuja? Sababu ya kwanza ni wingi wa watu. Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012, na mwaka 2022 ikawa na 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulitoka 593,678 ukafika 893,169, yaani karibu watu 300,000 wa ziada katika miaka kumi. Ya pili ni kodi. Mwenye chumba hataki kodi ya mwezi, hutaka ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na mchukuzi wa bandarini au muuza urojo hana fedha hizo kwa siku moja, ijapokuwa mwezi kwa mwezi angeweza kulipa. Ya tatu ni talaka. Mara nyingi mwanamke hutoka na watoto na sanduku, na nyumba ikabaki na mume. Ya nne ni nyumba kuukuu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka mchana ikaua watu wawili. Ikiwa jumba mashuhuri kama lile liliweza kuanguka, yapasa tujiulize khabari ya nyumba za uchochoroni ambazo hakuna azitazamaye.

Na tuseme ukweli, ya tano ni sisi wenyewe. Baadhi yetu wenye maduka tuna vyumba vya uani. Tulipoona mgeni mtalii hulipa kwa usiku mmoja kile ambacho mpangaji alilipa kwa wiki kadhaa, tulijua la kufanya, na yule mpangaji akaondoka na godoro lake. Hatuandiki haya kumsuta mtu mwingine kabla ya kujisuta.

Kwa nini jambo hili liwe la chama, wala si la sadaka peke yake? Kwa sababu asiye na nyumba hana sheha. Asiye na sheha hapati barua. Asiye na barua hapati kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kilichowekwa na sheria ya 2005. Na tangu uandikishaji wa 2009, asiye na kitambulisho hicho hakuandikwa kuwa mpiga kura. Katika uchaguzi wa 2005 lilikuwapo pia sharti la mtu kukaa jimboni miezi 36 mfululizo. Mtu anayehama kila juma ataihesabu vipi miezi 36? Pensheni ya wazee waliofikia miaka 70, iliyoanza 2016, ni kheri kubwa, lakini nayo humfikia yule ajulikanaye alipo. Yule mzee wetu alikwenda kwa sheha mmoja, akajibiwa kwamba hajulikani alalako. Basi kwa kukosa mlango amekosa jina, na kwa kukosa jina amekosa kura na haki ya uzeeni.

Tulipolisikia hilo tulikasirika. Lakini hasira yetu ilipoa tulipofungua daftari la tawi letu wenyewe. Jina la mzee lilikuwamo, limepigwa mstari, na pembeni pameandikwa "hana makazi". Nasi ndio tulioandika. Miaka yote tulilalamika kwamba sheha huwafuta watu, kumbe tawi nalo lina kalamu yake. Jina hilo tumelirejesha, na tunawataka matawi mengine wayatazame madaftari yao.

Rai yetu ni hii. Kwanza, kila tawi lihesabu. Lisihesabu usiku mmoja tu, bali juma zima, na lifanye hivyo wakati wa masika, maana mvua inapopiga baraza hailaliki, na kila aliyejificha hutafuta pa kujisitiri. Lisiwategemee vijana wapitao na tochi peke yao. Liwaulize wajuao: wenye maduka, waadhini, walimu wa vyuo na wa skuli, walinzi wa usiku, wavuvi wa madikoni, na wauzao chakula Forodhani.

Pili, tuhesabu kwa majina, si kwa vidole. Tarakimu haimtafuti mtu aliyepotea, jina humtafuta. Watu wa Suffa waliohifadhiwa katika ukumbi wa msikiti wa Mtume, Madina, hawakuwa na nyumba wala mali, na juu ya hayo vitabu vimehifadhi majina yao mengi, na Abu Hurayra alikuwa miongoni mwao. Maswali matatu yatosha: Ulilala wapi usiku wa jana? Je, unayo haki ya kulala hapo mwezi ujao? Ni jambo gani lililokutoa nyumbani mwako?

Tatu, daftari hilo liwe amana. Lisipewe askari, lisitolewe jukwaani, wala asiulizwe mtu chama chake. Atakayeligeuza kuwa orodha ya kura amekhini. Na lihesabiwe kila mwaka kwa njia ile ile, ili mwaka wa pili tujue kama tumepunguza au tumeongeza.

Nne, hesabu bila ya tendo ni udaku. Tawi liweke mfuko mdogo wa kumdhamini mpangaji kwa ile kodi ya mkupuo, naye arudishe mwezi kwa mwezi, kama turudishiwavyo mkopo wa mchele na sukari. Wenye zaka wakumbuke kwamba fakiri, miskini na aliyekatikiwa na njia wote wamo katika wale wanane wanaostahiki. Nyumba za wakfu zitazamwe kama bado zinawafikia wale zilizowekewa. Na serikali idaiwe kwa upole na kwa tarakimu. Ardhi yote ilifanywa mali ya umma baada ya 1964, na sheria ya 1992 ikalithibitisha hilo, basi haiwezi kusema haina pa kujenga. Haki ni kukiri kwamba majumba ya Kikwajuni na Michenzani yaliwapa watu wengi paa, ijapokuwa walioyajenga si wa upande wetu. Lililowezekana wakati ule, visiwa vikiwa na mapato madogo, haliwi muhali leo.

Wako watakaosema kwamba hesabu hii itatuaibisha mbele ya wageni. Twawajibu kwamba aibu ni kwa mtoto kuvaa sare yake nyuma ya magunia, si kwa aliyemwandika. Wako watakaosema wengi wao ni watu wa kuja. Twasema mvua ya masika haimuulizi mtu kwao. Na wako watakaosema jamaa watawasaidia jamaa zao, kama ilivyokuwa tangu zamani. Naam, wanasaidia, na kwa sababu hiyo ndiyo hatukuwaona. Lakini chumba kimoja chenye watu tisa hakiwezi kuongezwa wa kumi milele, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Ndugu wanachama, hatuombi jambo kubwa. Tunaomba kila tawi, kabla ya masika yajayo, lichukue daftari jipya na kalamu. Sisi dukani kwetu tumekwisha anza. La kwanza katika daftari hilo ni jina la yule mzee ambaye sisi wenyewe tulimfuta.

Wabillahi taufiki.