Anayefungua VNC bila SSH asitulilie baadaye

Kuna maneno nimechoka kuyasikia kwa mafundi wenzangu: "VNC ina neno la siri, hiyo SSH ni ya nini tena?" Haya, tuongee.

Kwa wasioijua, VNC ni programu ya kukuonyesha skrini ya tarakilishi iliyo mbali na kukuwezesha kuitumia kana kwamba umekaa mbele yake. Ilizaliwa katika maabara moja mjini Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Siipigi vita VNC. Ninachopiga vita ni kuiacha wazi kwenye intaneti.

Hilo neno la siri mnalojivunia, katika VNC ya asili, husomwa herufi 8 za mwanzo tu. Andika herufi 20 ukipenda, 12 ni pambo. Tena linalinda mlango peke yake. Ukishaingia, picha za skrini na kila herufi unayobonyeza vinasafiri bila kusimbwa. Uko saiba, umeingia kwenye seva ya mteja, unaandika neno la siri la hifadhidata yake: anayenasa data kwenye mtandao huo analisoma. Hana haja ya kuvunja chochote.

Na mlango wenyewe? Mwaka 2006 ilibainika kwamba RealVNC 4.1.1 ilimwachia mgeni achague namna ya kujitambulisha. Akisema "bila neno la siri", anaingia! Aliyeiacha poti 5900 wazi kwa dunia nzima hakuwa na kinga. Aliyeificha nyuma ya SSH, mgeni hakuifikia kabisa.

Dawa ni mistari miwili. Kwenye seva, VNC isikilize ndani ya mashine tu:

vncserver :1 -localhost

Kwenye tarakilishi yako:

ssh -L 5901:localhost:5901 jina@seva

Kisha elekeza VNC yako kwa localhost:1. Basi. Kila kitu kinapita ndani ya SSH kikiwa kimesimbwa.

Najua mtakayosema.

"Itakuwa polepole." Tarakilishi za leo zinasimba data bila kutoka jasho. Kinachokuchelewesha ni laini yako na hizo picha za skrini.

"Nimebadilisha poti." Umehamisha mlango, hujaufunga.

"Mimi mdogo, nani atanitafuta?" Hakuna anayekutafuta wewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu inayoweza kukagua poti moja katika anwani zote za IPv4 kwa chini ya dakika 45, kwa mashine moja yenye laini ya kasi. Anwani yako imo humo.

"VNC yangu ina usimbaji wake." Kweli, baadhi za siku hizi zinao. Je, umehakikisha umewashwa pande zote mbili, au unakisia?

Tusisahau data hiyo ni ya nani. Si yako wewe fundi. Ni ya mwenye duka, ya mgonjwa, ya mzazi aliyelipa karo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inamtaka anayeshika data za watu azilinde. "Sikujua" si utetezi kwa mtu anayelipwa kujua.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, jaribu kuifikia poti 5901 ya seva yako kutoka mtandao mwingine. Ikijibu, ifunge kwanza. Ubishi utaendelea kesho.