MAMBO YA NYUMBANI: Kitanda cha Wazee na Kabati Jipya

Watu wengi waanzapo kupamba chumba cha kulala hudhani ya kuwa sharti samani zote ziwe za namna moja. Basi huuza kitanda cha wazee kwa bei ya kuni, kisha huingia katika deni ili wapate seti mpya ya mbao hafifu. Hiyo ni hasara mara mbili.

Nyumba za kale za Lamu zatoa fundisho jingine. Humo kitanda cha kuchongwa chenye miguu mirefu kilikaa pamoja na kasha la njumu lililotoka Bara Hindi, na katika zidaka za ukuta zilipangwa sahani za China. Asili zilikuwa mbalimbali, lakini vyote vilipatana.

Upatano huo wataka kiasi. Kwanza chumba kipimwe, na mlango pia, kabla ya fedha kutolewa. Kitanda kitangulie kuwekwa, maana ndicho kikubwa, na ibaki nafasi ya kupita na kutandika. Chombo chenye nakshi nyingi kiwe kimoja tu. Vingine viwe vya kawaida. Rangi za mbao zikaribiane. Kabati lisigusane na ukuta, ili hewa ipite na nguo zisiote ukungu.

Tena mvule hauliwi upesi na mchwa. Aliyerithi kitanda cha mvule amerithi mali. Akikaza kamba zilizolegea, hata wajukuu watakilalia.