Nani Kasema Kuuguza Nyumbani ni Bure?

Kuna maneno ambayo hayakosi kusikika kwenye kikao cha ukoo daktari anapokuwa ameshatamka kwamba saratani imesambaa, au figo zimegoma, au kiharusi hiki cha tatu hakina kurudi nyuma. Husemwa na mtu mzima anayeheshimiwa, mara nyingi kaka mkubwa au baba mdogo: "Basi tumrudishe nyumbani. Angalau gharama zitasimama." Wote huitikia. Gari linatafutwa, dua inasomwa, kikao kinafungwa.

Maneno hayo ni uongo, na umedumu kwa sababu anayeusema anauamini. Mgonjwa anapovuka kizingiti cha nyumba yake gharama haziachi kuja. Zinabadilisha mlipaji, kisha zinaacha kutoa risiti.

Nieleweke. Sina ugomvi na mtu kufia nyumbani. Wengi wetu tukiulizwa tungechagua chumba chetu wenyewe, kelele za wajukuu uani, adhana au kengele tuliyoizoea, kuliko wodi ambamo ndugu wanaruhusiwa kuingia kwa saa na kufukuzwa kwa saa. Ugomvi wangu ni na imani kwamba nyumba ni hospitali isiyo na ankara. Imani hiyo inawaumiza watu wawili: anayekufa na anayemuuguza.

Tuhesabu, maana bila hesabu mjadala huu huishia kwenye machozi. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani anahitaji pampasi za watu wazima, tuseme nne kwa siku. Kwa miezi mitatu ni 360. Hata ukibahatika kuzipata kwa shilingi 1,500 moja, umeshafika 540,000. Bado glavu, pamba, mpira wa kutandika chini ya shuka, sabuni ya kufua mashuka kila siku ya Mungu, na maji ya kuyafulia, ambayo kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam hununuliwa kwa dumu. Bado mkaa wa uji unaopikwa mara tano na kunywewa vijiko viwili. Bado bajaji ya kwenda kliniki, kwa kuwa daladala haimpakii mtu aliyelala. Na bado dawa hatujazigusa.

Halafu kuna kazi yenyewe. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Asipogeuzwa, ngozi ya kiunoni na visiginoni hufa, kidonda cha kulalia hufunguka, na kidonda hicho kina bajeti yake peke yake. Kila baada ya saa mbili. Sasa niambie ni nani anayeamka saa nane usiku.

Kaka mkubwa haamki. Anaamka binti ambaye hajaolewa, au aliyeachika, au mke wa kitinda mimba. Yule ambaye kikao kilimtazama bila kumtaja, na mwenyewe akajua. Mtu huyu alikuwa na meza ya vitumbua na chapati pale stendi. Tuseme meza ilimwachia faida ya shilingi 15,000 kwa siku. Siku tisini bila meza ni shilingi 1,350,000, yaani mara mbili na nusu ya hela ya pampasi zote tulizozihesabu. Hakuna daftari la ukoo lililowahi kuandika fedha hiyo. Mtaji umeliwa, wateja wamehamia meza ya jirani, marejesho ya kikoba yamelala, na mgongo wake umeharibika kwa kumnyanyua mtu mzima peke yake. Siku ya msiba, hata hivyo, atakayesifiwa kwenye kipaza sauti kwamba alimuuguza sana mama ni yule aliyekuwa akituma laki mbili kwa simu kutoka Dodoma. Laki mbili zile zilisaidia, sikatai. Lakini zilionekana, na usingizi wa binti haukuonekana.

Mtu atasema wazazi wetu waliuguzwa hivyo hivyo na hakuna aliyelalamika. Hapo kumbukumbu zetu zinatuchezea. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000, UKIMWI ulipojaza wodi mpaka wagonjwa wakalazwa sakafuni, huduma za wagonjwa majumbani zilijengwa kwa fedha hasa. PASADA, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ilianza mwaka 1992, na haikuwa peke yake. Wahudumu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba na mikoba yenye glavu, dawa za kuosha vidonda, vidonge vya maumivu na sabuni. Mikoba ile ilinunuliwa na mtu. Mafunzo yalilipiwa na mtu. Kisha dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure, kwa Tanzania kuanzia mwaka 2004, watu wakanyanyuka vitandani, na fedha za wafadhili nazo zikahamia kwenye vidonge na vipimo. Ilikuwa sawa zihamie. Kilichobaki kichwani mwetu ni picha ya mgonjwa anayetunzwa nyumbani. Aliyekuwa akilipa bili tukamsahau. Leo mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anarudi kwenye mtaa ule ule, na mwenye mkoba hapiti tena.

Imani hii ina wanaofaidika nayo. Hospitali inapoandika kwamba mgonjwa aendelee kuuguzwa nyumbani, kitanda kimoja kinakuwa wazi na mstari mmoja wa matumizi unafutwa kwenye vitabu vyake. Siilaumu hospitali yenye wagonjwa wawili kwa kitanda kimoja. Ila tusidanganyane kwamba gharama imepungua, imebebeshwa kaya. Bima nazo nyingi zimejengwa juu ya kituo: uende, usajiliwe, ulale, upimwe, walipwe. Tanzania imetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya imeanza kukata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wake mpya tangu Oktoba 2024. Wenye mifumo hiyo miwili waulizwe swali moja tu, tena hadharani: muuguzi akipanda bodaboda kwenda kumsafisha mtu kidonda Mbagala au Kayole, mnamlipa au hammlipi? Jibu la "tutaangalia" lihesabiwe kuwa hapana.

Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Watu hao ndio wanaofaa kurithi ile mikoba. Wakiishia kuhesabu wajawazito na kupima utapiamlo, kazi muhimu kabisa, halafu wapite mbele ya mlango wa anayekufa bila kubisha hodi, tutakuwa tumejenga daraja na kuliacha mita chache kabla ya ng'ambo.

Kinachonikera zaidi ya vyote ni maumivu. Mofini ya kunywa ni dawa rahisi. Ni unga unaoyeyushwa kwenye maji, ukawekewa kihifadhi, ukatiwa kwenye chupa. Haina hataza ya kampuni yoyote, haihitaji mashine, na mgonjwa huinywa akiwa kitandani kwake kila baada ya saa nne. Lakini Tume ya jarida la tiba la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa hupata tani 0.1. Huku kwetu mara nyingi chupa hiyo hufuatwa hospitali kubwa, na nauli ya basi la kuifuata huwa kubwa kuliko thamani ya kilichomo ndani. Hiyo ndiyo "bure" ya nyumbani: dawa ya bei ndogo iliyo mbali, na mtu anayepiga kelele chumba cha pili huku majirani wakiongeza sauti ya redio.

Wala umaskini hauwezi kusingiziwa hapa. Uganda si tajiri kutuzidi. Mwaka 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akaanza na mofini ya maji na wauguzi wanaokwenda majumbani. Serikali ya huko ikakubali kubeba gharama ya mofini hiyo ili mgonjwa asilipe, na mwaka 2004 ikabadili kanuni ili wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, waweze kuiandika bila kumsubiri daktari ambaye wilayani hayupo. Yaani kuna mtu alikaa mezani, akakubali kwamba kufia nyumbani kuna gharama, akaiweka kwenye bajeti.

Sisi, kwa kuwa tumeamini nyumbani hakuna gharama, fedha yetu tunaipeleka kwingine. Familia ile ile inayoona glavu za shilingi elfu arobaini ni anasa itauza kiwanja ili mgonjwa ambaye madaktari watatu wameshasema hapana apelekwe India. Au, ikishindwa India, itamkodi mtu aje atundike dripu kwa sababu mgonjwa hali. Mtu anayekaribia kufa huacha kula kwa kuwa mwili wake unafunga kazi. Maji unayomlazimishia kwenye mshipa yanaweza kumvimbisha miguu na kumkoromesha kifua. Anachohitaji ni kulowanishwa midomo kwa kitambaa kibichi, kugeuzwa, na mofini. Lakini dripu inaonekana. Mjomba akija akaikuta imening'inia dirishani atasema familia inajitahidi.

Na tukizungumzia India, kuna kitu huko ambacho hatujawahi kukiagiza. Katika jimbo la Kerala, kuanzia miaka ya tisini, mitaa ilijipanga kuwatunza wagonjwa wake mahututi: watu wa kawaida wakichanga fedha kidogo kidogo kila mwezi, wenye nafasi wakijitolea saa zao, wauguzi wakizunguka majumbani. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaiingiza huduma hiyo kwenye sera yake. Tunapanda ndege kwenda Chennai na deni la milioni thelathini, huku jimbo la jirani lina jambo ambalo tungeweza kuliiga bila hata pasipoti.

Tungeweza kwa sababu kuchanga tunakujua kuliko mataifa mengi. Mtu akikata roho saa kumi alfajiri, kufika saa moja kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameshateuliwa na majina yanapanda kwa namba. Turubai linafungwa, viti vinashuka, sufuria za pilau zinawasili, sare zinashonwa, basi la kwenda Moshi au Bukoba linalipiwa. Wakenya wana harambee zao na hawako nyuma. Sibezi msiba, ni moja ya vitu vinavyotufanya tuwe watu. Lakini kundi lile lingeweza kufunguliwa miezi mitatu mapema, jina la mgonjwa likiwa bado la mtu anayeweza kusema asante. Robo tu ya hela ya turubai na sare ingenunua pampasi zote, na nusu ya mtaji wa vitumbua.

Kwa hiyo siku mgonjwa anaporuhusiwa, kikao kisifungwe kwa "gharama zitasimama". Kifunguliwe daftari. Mstari wa kwanza uandikwe jina la atakayemuuguza, na mbele yake kile anachokiacha ili amuuguze, kwa shilingi. Zamu ya usiku igawanywe hata kwa wanaume. Kugeuza mtu hakuhitaji jinsia, na mabega tunayo. Walio mbali wapangiwe kiasi na tarehe, kama kodi, badala ya kutuma wakikumbuka. Daktari aulizwe kabla ya kutoka getini: mofini tutaipata wapi, nani ataandika inayofuata, tukikwama usiku tumpigie nani? Wengine wanajua kujibu maswali haya. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina kitengo cha tiba shufaa, na Nairobi Hospice iko tangu 1990. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe anataka nini, hasa kuhusu hati na wosia, wakati bado anaweza kujibu. Hilo halina gharama yoyote na ndilo tunalolikwepa kuliko yote.

Najua nitaambiwa kwamba kumlipa binti kwa kumuuguza mama yake ni kumvunjia heshima, kwamba radhi ya mzazi haiwekwi bei. Sawa. Radhi ni yake na mama yake, thawabu ni yake na Mola wake. Kodi ya chumba ni ya mwenye nyumba, na tarehe yake haisogei. Na tuangalie vizuri ni nani katika shughuli nzima anayeombwa asubiri malipo ya akhera. Mwenye turubai hasubiri. Dereva wa gari la maiti hasubiri, wala mpishi wa pilau. Mpiga video wa msiba huchukua nusu ya hela yake kabla hajawasha kamera.