Kinga ya Ulimi, Si ya Mfuko

Hapa Nyakuron kijana akiiba simu, polisi hawaombi ruhusa kwa mtu. Mbunge je? Katiba ya 2011 inasema hashtakiwi bila ruhusa ya Spika, labda akamatwe papo hapo kwa kosa zito. Kinga ya ulimi siipingi: mbunge aseme kweli bungeni, asifungwe. Lakini kinga ya mfuko ya nini? Tena hawa 550 wameteuliwa tu, chini ya mkataba wa amani wa 2018. Tangu uhuru hatujamchagua mbunge hata mmoja. Uchaguzi umesogezwa hadi Desemba 2026. Sasa jamani, kuwashtaki hatuwezi, kuwaondoa hatuwezi. Tubaki kuwapigia makofi? Ruhusa hiyo itoke kwa jaji, isitoke kwa mwenzao.