Kamina: kabla ya televisheni ya HD, familia ianze na umeme

Kwenye maduka ya Kamina yanayopokea mizigo kutoka Lubumbashi, televisheni bapa zimejaa. Kila katoni imeandikwa HD, na kila mwenye kuuza anaonyesha picha ileile ya samaki wa rangi wanaoogelea. Baba wa familia analipa pesa alizokusanya mwaka mzima, anafunga katoni kwenye pikipiki, anarudi nyumbani watoto wakimkimbilia. Juma moja baadaye furaha imepungua. Picha ni hafifu kama ya televisheni ya zamani yenye mgongo, au kioo ni cheusi kwa sababu hakuna umeme.

Si kila mara amedanganywa. Mara nyingi amenunua kitu cha tatu kabla ya cha kwanza na cha pili. Katika mji kama Kamina, mpango mzuri ni huu: umeme kwanza, alama za picha pili, kioo mwisho. Na kioo hicho kikishawashwa, kisifungiwe ndani huku jirani aliyekimbia kwao amekaa nje ya lupango akiuliza habari.

Mazungumzo ya namna hii yanasikika katika nyumba nyingi za Dimayi na Sobongo:

"Mama watoto, tuchukue ile ya inchi 43. Wageni wakija waone kwamba nasi ni watu."

"Baba watoto, hao wageni watatukuta gizani. Tuanze na taa, watoto wapate kusoma."

Mama anasema kweli, na hesabu iko upande wake.

Nchi hii ina laini kubwa ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,700, iliyomalizika mwaka 1982. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya Katanga. Inabeba umeme wa mkondo mmoja, wa volti 500,000, na umeme wa aina hiyo hauchotwi njiani kama maji ya bomba. Ndiyo maana vijiji vingi vinaona nyaya zikipita juu na usiku vinawasha taa ya mafuta. Basi familia ya Haut-Lomami inayopanga kununua televisheni haiwezi kufanya hesabu za mtu wa Kinshasa au wa Ulaya. Lazima ijiulize: umeme wa kioo hiki utatoka wapi kila jioni?

Kwa wengi jibu ni jua. Televisheni bapa ya inchi 32 inakula kati ya wati 35 na 55. Dekoda inakula wati 10 hadi 15. Tuseme vyote pamoja ni wati 60. Kwa saa 4 za jioni hiyo ni wati-saa 240. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa 5 ni wati-saa 75. Kuchaji simu mbili kunaongeza karibu 20. Jumla inakaribia 335. Pano ya jua ya wati 100, ikipata saa 5 za jua zuri, inatoa wati-saa 500 kwa maandishi, lakini nyaya, joto, vumbi na chombo cha kugeuza umeme vinakula sehemu, na kinachobaki ni karibu 350. Katika miezi ya mvua, kuanzia Oktoba hadi Aprili, mawingu yanapunguza tena. Kwa hiyo pano ya 100 inatosha kwa shida, na ya 150 inampa mtu usingizi.

Betri nayo ina kanuni yake. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini haifai kutolewa zaidi ya nusu. Anayeimaliza yote kila usiku anaiua mapema. Betri ya gari ni mbaya zaidi kwa kazi hiyo, kwa sababu imetengenezwa kuwasha injini kwa muda mfupi, si kulisha kioo usiku mzima. Wengi wanaoilaumu pano walipaswa kuiangalia betri.

Kuna pia televisheni zinazokula volti 12 moja kwa moja, bila chombo cha kugeuza umeme. Kwa nyumba ya jua hizo zinaokoa pesa na umeme, na mnunuzi anapaswa kuziulizia kabla ya kuuliza inchi. Anayetumia umeme wa laini au wa jenereta anunue kwanza stabilizateri, kwa sababu volti zinazoshuka na kupanda ghafla zinaua kioo kipya ndani ya dakika moja.

Sasa neno lenyewe, HD. Maana yake ni vidoti vingi zaidi kwenye picha. Picha ya zamani ina mistari 576. HD ya kawaida ina mistari 720, Full HD ina 1080, na 4K ina 2160. Lakini kioo hakitengenezi picha. Kinaonyesha kile kilicholetwa. Stesheni ikituma picha ya mistari 576, hata kioo cha 4K kitaonyesha hiyohiyo, tena kikiivuta hadi nyuso za watu zionekane kama zimefunikwa na ukungu. Kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kasoro inavyoonekana. Katika chumba ambacho kiti kiko mita moja na nusu au mbili kutoka ukutani, inchi 32, yaani sentimita 81 kutoka kona hadi kona, inatosha kabisa. Anayelipia 4K Kamina leo analipia kitu ambacho karibu hakuna stesheni inayokileta kwenye antena yake.

Kosa la pili ni la waya, na hili linauma kwa sababu dawa yake ni rahisi. Watu wananunua televisheni ya HD na dekoda ya HD, kisha fundi anaviunganisha kwa ule waya wa zamani wenye vichwa vitatu: njano, nyekundu na nyeupe. Ule wa njano hauwezi kupitisha HD. Pesa yote imeishia kwenye waya. Kinachotakiwa ni waya wa HDMI, wenye kichwa kimoja kipana. Baada ya hapo mtu aingie kwenye dekoda, atafute mpangilio wa picha, achague 720 au 1080, na aweke umbo la 16:9. Ikiwa wasomaji wa habari wanaonekana wanene kupita kiasi, hawajanenepa. Picha ya zamani ya mraba imevutwa ijaze kioo kipana.

Kosa la tatu linawapata wanaonunua televisheni zilizotumika Ulaya. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa siku ya nchi nyingi za Afrika kuacha matangazo ya analogia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani Dar es Salaam tangu tarehe 31 Desemba 2012. Nchi za SADC, na Kongo ni mojawapo, zilichagua mfumo unaoitwa DVB-T2. Televisheni nyingi za zamani kutoka Ubelgiji au Ufaransa zina DVB-T tu, bila ile namba 2. Zinawaka vizuri, zina kioo kizuri, lakini matangazo ya antena ya kidijitali ya DVB-T2 haziyashiki bila dekoda ya pembeni. Mnunuzi asome katoni au mgongo wa televisheni kabla ya kutoa pesa. Asipoona DVB-T2, apunguze bei au aondoke.

Kwa wanaotumia sahani, jiografia ya Kamina inasaidia. Mji uko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, na setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Kwa hiyo sahani ya hapa mara nyingi inainuka sana. Kwa setilaiti zilizokaa juu ya Afrika ya kati, inatazama karibu na utosi. Tawi la mwembe lililo juu ya nyumba linaweza kuwa kizuizi kuliko nyumba ya jirani. Maji ya mvua nayo yanaweza kutuama kwenye sahani au kuingia kwenye kichwa chake kama kifuniko kimepasuka. Picha ikikatika wakati wa mvua kubwa, mtu asimwite fundi haraka. Matone mazito yanadhoofisha mawimbi, na mvua ikipungua picha inarudi.

Radi ni jambo jingine. Stabilizateri haizuii radi. Wingu likikusanyika, achomoe waya wa umeme na waya wa sahani pia, maana radi inapita kwa wote wawili. Dakika moja ya kuchomoa inaokoa pesa za mwaka.

Ndani ya nyumba, televisheni isiwekwe karibu na mbabula, kwa sababu moshi na joto vinaichosha. Ukuta wa matofali mabichi haushiki misumari mikubwa, kwa hiyo meza imara ni salama kuliko kuitundika. Kioo kiwe usawa wa macho ya aliyekaa, na kisielekee dirisha. Mgongo wake upate hewa, usibanwe na pazia. Na ule mwanga mkali wa dukani upunguzwe. Macho yanapumzika, na betri inadumu zaidi.

Baada ya hayo kuna abonema. Kioo kinanunuliwa mara moja, abonema inarudi kila mwezi. Familia nyingi zimeweka televisheni nzuri ambayo inafanya kazi miezi miwili kwa mwaka. Kabla ya kununua, mume na mke wakae wahesabu miezi 12 ya abonema kando ya pesa za masomo na za bukari. Kama hesabu haikai, wachague dekoda ya stesheni za bure au wasubiri. Kusubiri si aibu.

Wapo watakaosema: kuna familia zimekimbia makwao, zinalala nyumba moja na wenyeji, zinatafuta unga, na mtu anaandika juu ya televisheni? Swali ni la haki. Hakuna anayesema kioo kinashinda chakula. Lakini aliyekimbia hakupoteza nyumba tu. Amepoteza pia habari. Hajui barabara ya kwao imefunguliwa au la, hajui ndugu alipita njia gani. Pasipo habari, uvumi unachukua nafasi. Mtu mmoja anasema kule kumetulia, familia inarudi, inakuta risasi. Mwingine anasema kumeungua kote, na familia inaacha shamba ambalo lingevunwa. Watu waliotoka Manono, Mitwaba na Malemba-Nkulu katika miaka ya vita vya wanamgambo wanajua uvumi unagharimu nini.

Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono mwingine wakaonyesha bunduki pembeni ya kichwa, wimbo wa taifa ukiimbwa. Walikuwa wanasema kwamba watu wa mashariki wanauawa na dunia inanyamaza. Kongo ilifungwa bao 1 kwa 0 usiku ule. Lakini mtu aliyekimbia, akikaa mbele ya kioo cha jirani, aliona kwamba kilio chake kimefika mbali. Redio ingeweza kulieleza jambo hilo. Televisheni ililionyesha bila neno.

Ndiyo sababu mwenye televisheni katika mtaa wenye familia zilizohama ana wajibu mdogo ambao hauko kwenye katoni. Saa ya habari mlango ubaki wazi. Kama lupango ni pana, kioo kigeuzwe kielekee nje kwa nusu saa. Anayejua Kifaransa awafasirie wengine kwa Kiswahili au Kiluba, kwa maana habari nyingi za Kinshasa zinasomwa kwa lugha ambayo bibi aliyetoka kijijini haielewi. Na picha za maiti na moto zikija, watoto waondolewe. Mtoto aliyeona vita kwa macho hahitaji kuonyeshwa tena kwa rangi safi za HD.

Redio nayo isitupwe. Televisheni inaleta Kinshasa, Paris na uwanja wa mpira. Ni mara chache inaleta habari ya daraja lililokatika kuelekea Bukama au ya mtoto aliyepotea kwenye gari-moshi. Hizo zinasemwa na redio ya mji, kwa lugha ya mji, na redio inakula umeme kidogo sana hata betri ikikaribia kwisha. Dekoda nyingi za sahani zinabeba pia stesheni za redio, na wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo.

Basi familia inayokusanya pesa isione haya kununua kidogo. Pano ya kutosha, betri nzuri, taa tatu, inchi 32 yenye DVB-T2, waya mmoja wa HDMI, na redio yake mezani. Nyumba ya namna hiyo itaona picha safi kila jioni, na mtoto atasoma kando ya taa. Na jirani aliyekuja na mzigo mmoja kichwani atapiga hodi saa ya habari, aambiwe karibu.