Tarehe 20 Oktoba Ina Mashujaa Wengine

Kila mwaka inapokaribia tarehe 20 Oktoba, huwauliza wanafunzi wangu wa isimu siku hiyo inawakumbusha nini. Hujibu kwa sauti moja: kukamatwa kwa Mzee Jomo Kenyatta na wenzake mwaka 1952. Hawakosei. Ndiyo asili ya sikukuu iliyokuwa ya Kenyatta, ambayo Katiba ya 2010 iliigeuza kuwa Siku ya Mashujaa. Lakini ni nadra kumpata anayetaja michezo.

Kwa kalenda ya Mexico City, kulikofanyika Olimpiki za 1968, ilikuwa tarehe iyo hiyo Kipchoge Keino aliposhinda mbio za mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Alikuwa akiugua vijiwe vya nyongo, na madaktari walikuwa wamemshauri asikimbie. Jim Ryun wa Marekani, aliyeshikilia rekodi ya dunia, aliachwa nyuma mita zipatazo 20. Aidha, tusimsahau Ben Jipcho, aliyeongoza mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa ili kumfungulia mwenzake njia, naye akamaliza bila medali.

Siku iyo hiyo, Dick Fosbury wa Marekani aliruka juu mita 2.24 kwa kutanguliza mgongo. Mtindo huo ulioonekana kioja ndio unaotumiwa na warukaji wa leo.

Hata hivyo, anayenigusa zaidi ni mtu wa mwisho. Mbio za marathoni zilishindwa na Mamo Wolde wa Ethiopia. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiingia, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa ameanguka njiani na kuumia goti. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kuwa nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo sisi tunayachanganya. Bingwa ni aliyewashinda wengine au aliyebobea katika kazi yake. Shujaa, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni mtu jasiri, asiyerudishwa nyuma na hofu wala maumivu. Keino siku ile alikuwa yote mawili. Jipcho na Akhwari hawakuwa mabingwa, lakini nani atathubutu kuwanyima ushujaa?

Haya si mabishano ya kamusi tu. Tunapomwita shujaa yule tu aliyerudi na dhahabu, tunamfundisha kijana wa mbio kwamba wa nne hana jina. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya wanariadha wetu wengi kupigwa marufuku kwa kutumia dawa haramu miaka ya karibuni. Tamaa ya fedha ina sehemu yake. Lakini jamii inayoabudu ushindi peke yake isishangae watoto wake wakiutafuta kwa njia za mkato.

Kwa hivyo, walimu, makocha na wanahabari wenzangu, Siku ya Mashujaa ijayo tuwasimulie vijana habari za 1952, kisha tuongeze za 1968. Tuwapigie mabingwa makofi, ni haki yao. Lakini jina la shujaa tumwekee pia yule anayemaliza mbio zake kwa haki, hata akiwa wa mwisho.