Supu ya Asubuhi Baada ya Ulevi

Mama mmoja wa Gerezani atuuliza: "Mume wangu akilewa usiku, asubuhi huamka kichwa kikimgonga. Hutaka fedha aende Kariakoo kunywa supu, naye arudipo amepata nafuu kweli. Je, supu ile ni dawa?" Swali hili si la kuchekwa, maana fedha hiyo ndiyo ya unga wa watoto.

Mama, yafaa kwanza kujua pombe imemtenda nini. Mwilini imo homoni iziamuruyo figo kuzuia maji. Pombe huinyamazisha, basi mlevi hukojoa sana, akaamka na kiu. Ini nalo, likishughulika kuivunja pombe, hulegea katika kazi yake ya kutengeneza sukari. Ndiyo sababu aliyelala bila kula huamka akitetemeka. Tena tumbo limechubuka, na usingizi wake haukuwa usingizi.

Sasa tazama bakuli la supu ya makongoro au ya mbuzi. Lina maji, lina chumvi, na chapati iliyo kando yake hugeuka sukari mwilini. Yaani mtu arudishiwa yale aliyonyang'anywa. Dafu pia lina maji, sukari kidogo na potasiamu nyingi, ila chumvi ya kawaida ni haba ndani yake, na hapo supu hulishinda. Kahawa ya mitaani humchangamsha mtu macho, lakini haimwondolei ulevi. Na uji wako wa nyumbani, ukiutia chumvi na sukari, wafanya kazi ile ile ya supu kwa senti chache.

Lakini katika hivi vyote hakuna kiliharakishacho ini. Mwaka 2005 gazeti la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapa uchunguzi wa Pittler, Verster na Ernst, waliopima majaribio ya dawa mbalimbali za uchovu huu. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba iko hata moja iuzuiayo au kuuponya. Kwa kawaida uchovu huo huisha wenyewe kwa muda wa siku moja. Basi mtu anywaye supu saa nne, akawa mzima alasiri, huishukuru supu kwa kazi iliyofanywa na saa.

Wengine huzimua, yaani hunywa pombe tena asubuhi. Hupata nafuu, kwani pombe mpya hutuliza neva, na kuuchelewesha mwili usiigeuze methanoli, ambayo huwamo kidogo katika vileo vingine, kuwa sumu kali zaidi. Deni halikulipwa, limesogezwa mbele. Na yule ambaye mikono yake haitulii kila asubuhi mpaka azimue, huyo ni mgonjwa. Asiachishwe pombe ghafula nyumbani, maana aweza kupata kifafa. Apelekwe kwa daktari.

Liko neno moja zaidi, nalo ni la gongo lipikwalo kwa siri. Methanoli yaweza kuwa nyingi humo, na madhara yake huenda yasionekane mpaka kesho yake. Mtu akisema macho yaona ukungu, akahema kwa haraka, tumbo likamkata, huo si uchovu wa jana. Asingojee supu wala dafu. Achukuliwe hospitali saa ile ile, na wenzake waliokunywa naye watafutwe, hata kama hawajaanza kuumwa.